Kutoka Waya Mnene hadi Moduli ya Kuchomeka: Historia ya Viendeshi vya Transiva katika Kerneli ya Linux

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya namna mfumo endeshi ulivyopata uwezo wa kutambua na kuhudumia transiva za mtandao zinazochomekwa na kuchomolewa wakati kompyuta inafanya kazi. Uchunguzi unaanzia kwenye transiva ya waya mnene ya Ethernet ya miaka ya 1970 na kuishia kwenye tabaka za phylink na sfp zilizoingia katika kerneli ya Linux mwaka 2017. Hoja kuu ni kwamba ufundi wa viendeshi hauwezi kutenganishwa na swali la mamlaka: nani anaamua moduli ipi ikubaliwe katika tundu la kifaa ambacho mnunuzi amekwisha kukilipia? Makala yanaonesha kwamba makubaliano ya wazalishaji ya mwaka 2000 yaliweka msingi wa uhuru wa mnunuzi, lakini uhuru huo ulikosa mhimili katika kerneli ya pamoja kwa takribani miaka 17. Mwisho, yanapendekeza mambo manne yanayopaswa kuzingatiwa na washauri wa sera za ununuzi wa vifaa vya mitandao ya umma katika Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Katika swichi au rauta ya kawaida ya leo, sehemu inayotoa nuru na kuipokea kutoka kwenye waya wa faiba haijajengwa ndani ya kifaa. Ni moduli ndogo ya chuma, yenye urefu unaokaribia wa kidole, inayosukumwa katika tundu hadi ikashika. Ndani yake mna leza, kipokezi cha nuru, na kumbukumbu ndogo inayohifadhi maelezo ya moduli yenyewe. Kifaa hiki huitwa transiva kwa sababu hutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Moduli ya masafa ya mita mia chache huweza kuondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na ya kilomita 10 au zaidi, na kifaa kikuu kisizimwe.

Kwa fundi, tendo hilo huchukua sekunde chache. Kwa mfumo endeshi, ni jambo zito. Kiendeshi cha kadi ya mtandao kwa desturi hujengwa juu ya dhana kwamba vipande vyote vya maunzi vinajulikana tangu mashine inapowashwa. Moduli ya kuchomeka huivunja dhana hiyo. Kiendeshi hulazimika kuuliza maswali ambayo awali hayakuwapo: Je, tundu lina kitu? Kitu hicho ni nini? Kinatumia umeme kiasi gani? Kinazungumza kwa mwendo upi? Na je, maelezo kinayoyatoa kujihusu ni ya kweli?

Maandishi mengi kuhusu historia ya mitandao hueleza kasi, nyaya na mashirika. Historia ya programu inayounganisha vitu hivyo hubaki katika msimbo wenyewe, ambako watafiti wa sera huingia kwa nadra. Makala haya yanaingia huko. Yanatumia Linux kuwa mfano kwa sababu mbili: msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma, na kerneli hiyo imo katika idadi kubwa ya rauta, seva na swichi zinazotumika duniani. Katika mjadala unaofuata, neno mwenyeji linatumika kwa kifaa chenye tundu, nalo neno moduli kwa transiva inayochomekwa humo.

2.0 Transiva Nje ya Upeo wa Kiendeshi, 1973–1995

Wazo la kuitenga transiva na kompyuta ni la kale kama Ethernet yenyewe. Robert Metcalfe aliandika waraka wake wa kwanza kuhusu Ethernet katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, Marekani, tarehe 22 Mei 1973, na akaijenga pamoja na David Boggs. Kampuni za DEC, Intel na Xerox zilichapisha vipimo vya pamoja mwaka 1980, na taasisi ya IEEE ikaidhinisha kiwango cha 802.3 mwaka 1983.

Katika mfumo huo wa awali, waya mnene wa koaksi wenye urefu wa hadi mita 500 ulitandazwa katika jengo. Transiva ilibanwa juu ya waya huo, na sindano yake ikapenya ganda hadi kwenye kiini cha shaba. Kutoka kwenye transiva, kebo nyingine iliyoweza kufika mita 50 ilishuka hadi kwenye kompyuta na kuingia katika kiunganishi cha pini 15 kilichoitwa AUI. Kompyuta haikujali kilichokuwa upande wa pili wa kebo hiyo. Waya mwembamba ulipokuja, na baadaye waya wa jozi zilizosokotwa wa kiwango cha mwaka 1990, mashine nyingi zilihamia kwenye nyaya mpya kwa kubadilishiwa transiva tu.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Utengano wa AUI ulifanikiwa kwa sababu transiva haikuwa na la kusema. Nyaya zake zilibeba data inayotoka, data inayoingia, na ishara ya mgongano. Hapakuwa na njia ya kuuliza jina la mtengenezaji wala uwezo wa transiva, na hapakuwa na haja, kwa kuwa mwendo ulikuwa mmoja tu: megabiti 10 kwa sekunde. Kiendeshi kilibaki chepesi kwa sababu dunia yake ilikuwa na chaguo moja.

Hali hiyo ilibadilika Ethernet ilipoanza kuwa na mwendo zaidi ya mmoja. Kiwango cha 802.3u cha mwaka 1995 kilileta megabiti 100 kwa sekunde, na pamoja nacho kiolesura cha MII kati ya kidhibiti cha MAC, kinachopanga fremu za data, na chipu ya PHY, inayogeuza biti kuwa mawimbi ya umeme. MII ilikuwa na nyaya mbili za ziada za usimamizi, maarufu kwa jina la MDIO. Kupitia nyaya hizo, programu iliweza kufikia hadi chipu 32, kila moja ikiwa na rejista 32 za biti 16. Rejista ya 2 na ya 3 zilitengwa kwa ajili ya utambulisho. Kwa mara ya kwanza, kiendeshi kiliweza kuiuliza chipu ya PHY: wewe ni nani, na umekubaliana mwendo gani na mwenzako?

3.0 Kuzaliwa kwa Tabaka la Pamoja

Uwezo wa kuuliza haukuleta mara moja utaratibu wa kuuliza. Viendeshi vya kwanza vya Ethernet katika Linux, ambavyo vingi viliandikwa na Donald Becker katika miaka ya 1990, vilibeba kila kimoja msimbo wake wa kusoma rejista za MII. Msimbo huo ulifanana kutoka faili hadi faili, lakini haukuwa mmoja. Hitilafu iliyorekebishwa katika kiendeshi kimoja ilibaki katika vingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Jeff Garzik alikusanya sehemu ya msimbo huo, ikiwemo iliyotokana na kazi ya Becker, katika maktaba ndogo ya pamoja.

Hatua kubwa ilipigwa mwaka 2005, pale tabaka lililoandikwa na Andy Fleming wa kampuni ya Freescale lilipoingizwa katika kerneli. Tabaka hilo huitwa PHYLIB. Malengo yake yalitamkwa wazi katika nyaraka zake: kutumia msimbo mmoja mahali pengi, kurahisisha utunzaji wake, na kuharakisha uandishi wa viendeshi vipya. Badala ya kila kiendeshi cha MAC kujua tabia za kila chipu ya PHY, chipu za PHY zilipewa viendeshi vyao wenyewe, na kati ya pande mbili hizo ikawekwa mashine ya hali inayofuatilia kama kiungo kimesimama au kimeanguka.

PHYLIB ilikuwa jibu sahihi kwa swali la wakati wake. Iliandikwa kwa ajili ya mbao za kompyuta ambamo chipu ya PHY imeunganishwa kwa risasi kando ya kidhibiti, na haiondoki hapo hadi ubao unapotupwa. Kiendeshi cha MAC kilifungamanishwa na PHY moja. Palipokuwa hapana PHY kabisa, kwa mfano pale kidhibiti kilipounganishwa moja kwa moja na chipu ya swichi, wasanifu walibuni PHY ya kufikirika inayotangaza daima kwamba kiungo kimesimama kwa mwendo uliopangwa. Mbinu hiyo iliitwa kiungo cha kudumu. Ilitosha kwa swichi, lakini baadaye ilikuja kutumika pia katika matundu ya moduli za faiba, ambako haikustahili.

4.0 Makubaliano ya Mwaka 2000: Moduli Inayojieleza

Wakati kerneli ikijipanga, wazalishaji wa vifaa vya nuru walikuwa na tatizo lao. Ethernet ya gigabiti moja iliidhinishwa kwa faiba mwaka 1998 na kwa waya wa shaba mwaka 1999. Wateja walitaka kifaa kimoja kiweze kuhudumia faiba fupi, faiba ndefu au shaba. Moduli ya kwanza kuenea, GBIC, ilikuwa kubwa kiasi cha kupunguza idadi ya matundu katika uso wa swichi. Tarehe 14 Septemba 2000, wazalishaji kadhaa walitia saini makubaliano ya moduli ndogo zaidi iliyoitwa SFP. Vipimo vyake vilichapishwa na kamati ya SFF katika waraka wa INF-8074 mwaka 2001.

Makubaliano hayo yaliitwa ya vyanzo vingi, na jina hilo lina uzito. Shabaha yake ilikuwa mnunuzi aweze kununua moduli kwa mzalishaji yeyote na kuiingiza katika tundu la mzalishaji mwingine. Ndiyo maana yalitamka umbo, vipimo vya chuma, mpangilio wa pini 20, na maana ya kila pini.

Baadhi ya pini hizo ni za mazungumzo kati ya mgeni na mwenyeji. Pini ya MOD_DEF0 imeunganishwa na ardhi ndani ya moduli. Moduli inapoingia, huvuta waya huo chini, na mwenyeji hujua kwamba amebishiwa hodi. Pini ya LOS hutangaza kwamba nuru inayoingia haitoshi, nayo ya TX_FAULT kwamba kitumaji kina hitilafu. Pini ya TX_DISABLE huzima leza, na imepangwa kwa tahadhari: ikiachwa bila kuunganishwa, leza hubaki imezimwa. Waandishi wa vipimo waliona ni salama zaidi kifaa kinachokosa maagizo kinyamaze kuliko kiangaze.

Pini mbili nyingine hubeba basi ya I2C, inayofikia kumbukumbu ya baiti 256. Baiti ya kwanza hutaja aina ya moduli. Nyingine hutaja aina ya kiunganishi, viwango vinavyotimizwa, mwendo kwa vipande vya megabiti 100, jina la mzalishaji kwa herufi 16, namba ya bidhaa, na urefu wa wimbi la nuru. Baiti ya 63 ni jumla ya uhakiki wa zile zilizotangulia. Waraka uliofuata, SFF-8472, uliongeza ukurasa wa pili wa vipimo vya wakati halisi: joto, volti, mkondo wa leza, nguvu ya nuru inayotoka na ya inayoingia.

Katika mpango huo, baiti za 96 hadi 127 ziliachwa kwa matumizi ya mzalishaji mwenyewe. Nafasi hiyo ndogo ilitosha kuweka alama ya siri. Kifaa kikuu kingeweza kuisoma, na kisipoiona kikakataa kuiwasha moduli, hata kama moduli hiyo inatimiza kila sharti la makubaliano. Hivyo mlango uliofunguliwa na mkataba wa vyanzo vingi uliweza kufungwa kwa baiti chache tu. Swali la kiufundi likageuka kuwa swali la biashara, na kwa mnunuzi wa umma, swali la sera.

5.0 Miaka ya Pengo

Kati ya makubaliano ya mwaka 2000 na tabaka la pamoja la Linux la mwaka 2017 kuna miaka 17. Pengo hilo linahitaji kuelezwa, kwa kuwa moduli zenyewe zilikuwa zimeenea duniani kote.

Sababu ya kwanza ni kwamba swichi kubwa ziliuzwa zikiwa na mifumo endeshi iliyofungwa. Usimamizi wa moduli ulikuwa siri ya nyumba ya kila mzalishaji, na kerneli ya pamoja haikuhusika. Sababu ya pili ni kwamba kadi za mtandao za seva zilifanya kazi hiyo ndani ya programu zake za chipu au ndani ya kiendeshi chake pekee. Kila kiendeshi kilikuwa na msimbo wake wa I2C, orodha yake ya moduli, na uamuzi wake kuhusu zipi zikubaliwe. Mfano ulio wazi katika msimbo wa Linux ni kiendeshi cha ixgbe cha kadi za gigabiti 10 za Intel, ambacho kina kigezo kiitwacho allow_unsupported_sfp. Kigezo hicho humruhusu msimamizi kuamuru kwamba moduli ambazo hazikujaribiwa na mzalishaji zikubaliwe. Bila amri hiyo, hukataliwa. Kuwapo kwa kigezo hicho kunathibitisha kwamba kikwazo kilikuwa uamuzi, wala hakikuwa ulazima wa kimaumbile.

Hali iliyokuwapo kabla ya PHYLIB ilikuwa imejirudia: msimbo uleule katika faili nyingi, kila mmoja na tabia yake. Mwaka 2012 kerneli iliongezewa njia ya pamoja ya kumwezesha mtumiaji wa programu ya ethtool kusoma kumbukumbu ya moduli. Njia hiyo ilikuwa ya kutazama tu. Haikuwa na mamlaka ya kuiwasha moduli, kuchagua mwendo wake, wala kuitikia ilipochomolewa.

Msukumo wa kuliziba pengo ulitoka kwenye mbao ndogo. Chipu za ARM zilizokusanya kichakato na vidhibiti vya mtandao mahali pamoja zilianza kuuzwa kwa bei nafuu, na baadhi ya mbao zikawekewa tundu la SFP lililounganishwa moja kwa moja na chipu hiyo. Mfano mmoja ni ubao wa Clearfog wa kampuni ya SolidRun, wenye chipu ya Marvell Armada 388. Katika ubao wa namna hii hakuna programu ya kati ya kumficha mgeni. Kerneli hukutana na moduli uso kwa uso. Kiungo cha kudumu kingeweza kupitisha data iwapo moduli iliyotarajiwa ndiyo iliyochomekwa. Ikichomekwa nyingine, kerneli ingetangaza kiungo kilicho hai ambapo hapana kitu.

6.0 Phylink na Usanifu wa Mwaka 2017

Russell King, aliyejulikana kwa kazi yake ya muda mrefu ya kuipeleka Linux kwenye chipu za ARM, ndiye aliyeandika tabaka mbili zilizoingia katika toleo la 4.14, lililotolewa Novemba 2017. Ya kwanza, sfp, humhudumia mgeni. Ya pili, phylink, hupatanisha mgeni na kidhibiti cha MAC. Kati yake kuna kiungo kinachowezesha tundu na kidhibiti kujisajili kila kimoja kwa wakati wake, kwa kuwa haijulikani kipi kitatangulia wakati mashine inapowaka.

Usanifu wa sfp umejengwa juu ya mashine tatu za hali zinazokwenda sambamba. Moja hufuatilia moduli: tundu li tupu, moduli inachunguzwa, inapewa umeme zaidi, au iko tayari. Ya pili hufuatilia kama msimamizi amekiwasha kiolesura cha mtandao au amekizima. Ya tatu hufuatilia kiungo chenyewe: kinaanzishwa, kinasubiri nuru, kimesimama, au kina hitilafu. Mgawanyo huu ulitokana na uhalisi wa kazi. Fundi anaweza kuchomoa moduli wakati kiolesura kimezimwa. Msimamizi anaweza kukiwasha kiolesura wakati tundu ni tupu. Na mkulima anaweza kuukata waya wa faiba kwa jembe wakati vyote viwili viko sawa. Mashine moja ya hali ingelazimika kuorodhesha kila mchanganyiko wa matukio hayo, na ingekuwa ngumu kuisoma na ngumu zaidi kuirekebisha.

Muda pia ulipewa nafasi yake. Vipimo vinasema moduli inaweza kuhitaji milisekunde 300 kabla ya kuwa tayari. Ikitangaza hitilafu ya leza, mwenyeji huinua na kushusha TX_DISABLE kwa angalau mikrosekunde 10, kisha husubiri tena. Kerneli hurudia jaribio hilo kwa idadi maalumu, na hitilafu ikizidi kuendelea, huizima moduli na kuandika sababu katika kumbukumbu za mfumo. Kuhusu umeme, kila moduli huanza katika kiwango cha wati 1. Zile zinazohitaji wati 1.5 au 2 husubiri ruhusa. Mti wa vifaa, yaani faili inayoieleza kerneli maumbile ya ubao, hutamka kiwango cha juu ambacho tundu linaweza kutoa, na kerneli haitoi ruhusa kupita hapo.

Kazi ya phylink ni upatanisho. Kila upande hutangaza uwezo wake, na kinachotumika ni kile tu ambacho pande zote zinakiweza. Umuhimu wake unaonekana katika mfano wa 1000BASE-X na SGMII. Violesura hivi viwili hupita katika nyaya zilezile kwa mwendo uleule wa gigabodi 1.25, na kila kimoja hutuma neno la biti 16 la makubaliano. Tofauti iko katika maana ya biti hizo. Moduli ya faiba kwa kawaida huhitaji 1000BASE-X. Moduli nyingi za shaba huhitaji SGMII. Mwenyeji akikosea, kiungo huweza kukataa kusimama bila kutoa dalili ya sababu. Phylink husoma maelezo ya moduli, huchagua kiolesura, kisha huagiza kiendeshi cha MAC kibadilike. Hilo hufanyika bila kuanzisha upya kadi nzima, nalo ndilo lengo ambalo nyaraka za phylink hulitaja mwanzoni kabisa.

Uamuzi mwingine wenye maana ni ule wa kutoitupa PHYLIB. Moduli ya shaba huwa na chipu ya PHY ndani yake, na chipu hiyo mara nyingi hufikiwa kupitia I2C. King aliandika daraja linaloigeuza I2C kuwa basi ya MDIO, hivyo PHY iliyo ndani ya moduli ikahudumiwa na viendeshi vilevile vilivyohudumia PHY za kwenye ubao. Kazi ya mwaka 2005 ikawa nguzo ya kazi ya mwaka 2017.

7.0 Moduli Zisizosema Kweli

Tabaka la pamoja lilipoanza kutumika, lilifichua jambo ambalo msimbo uliotawanyika ulikuwa umelificha: baadhi ya moduli hazitimizi vipimo zinavyodai kuvitimiza. Zipo zenye jumla ya uhakiki isiyo sahihi. Zipo za faiba za majumbani, za aina ya GPON, ambazo ndani yake ni kompyuta ndogo inayohitaji hadi sekunde 60 kuamka, na katika muda huo hutangaza hitilafu ya leza isiyokuwapo. Zipo zinazosema zina mwendo wa gigabiti 1 ilhali zina uwezo wa gigabiti 2.5. Zipo pia zinazoharibu majibu iwapo mwenyeji atasoma zaidi ya baiti moja kwa wakati mmoja.

Wasanifu walikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ni kukataa kila moduli iliyo na kasoro. Njia ya pili ni kukubali kila kitu na kuacha hitilafu zijitokeze kwa mtumiaji. Walichagua njia ya kati. Jumla ya uhakiki ya sehemu ya msingi ikikosewa, moduli hukataliwa, kwa sababu utambulisho wake hauaminiki. Ya sehemu ya nyongeza ikikosewa, kerneli hutoa onyo, huifuta sehemu hiyo, na kuendelea. Kwa moduli zenye kasoro zinazojulikana, iliwekwa orodha inayolinganisha jina la mzalishaji na namba ya bidhaa, kisha kutumia tiba maalumu.

Orodha hiyo hulaumiwa kwamba huhamisha gharama: mzalishaji hukosea, na watunzaji wa kerneli hulipa kwa muda wao. Lawama hiyo ina ukweli. Hata hivyo, ulinganisho na alama za siri za baiti za 96 hadi 127 unatoa mwanga. Zote mbili ni orodha, na zote mbili husoma jina la mzalishaji. Moja hutumia jina hilo ili kumfukuza mgeni. Nyingine hulitumia ili aweze kukaa. Isitoshe, orodha ya kerneli iko wazi. Mtu yeyote anaweza kuisoma, kuipinga, au kupendekeza kuongezwa kwa mstari mmoja.

Maendeleo yaliyofuata yalikwenda upande huohuo wa uwazi. Mwaka 2018 vipimo vya joto, volti na nguvu ya nuru viliunganishwa na mfumo wa kawaida wa vihisi wa kerneli kupitia kazi ya Andrew Lunn. Mwaka 2021 njia ya kusoma kumbukumbu iliboreshwa ili kufikia kurasa nyingi za moduli mpya zenye mwendo mkubwa. Opereta akiona nguvu ya nuru inayoingia inashuka siku hadi siku, anaweza kuitafuta kasoro kabla ya kiungo kukatika.

8.0 Mafunzo kwa Sera za Afrika Mashariki

Nyaya za bahari za SEACOM na TEAMS zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Tangu hapo serikali za eneo hili zimejenga mikongo ya taifa ya faiba inayofika nchi zisizo na bahari. Waya ukishazikwa, hubaki ardhini kwa miaka mingi. Moduli zilizo katika ncha zake hubadilishwa mara nyingi zaidi: huchakaa, hupigwa na radi, au hupitwa na mahitaji ya mwendo. Kwa hiyo gharama ya kudumu ya mtandao haiko katika waya peke yake, bali pia katika tundu na katika haki ya kuchagua kinachoingia humo. Historia iliyoelezwa inatoa mafunzo manne.

Kwanza, hati za zabuni zitaje wazi kwamba kifaa kikubali moduli yoyote inayotimiza vipimo vya wazi, au kimpe msimamizi kigezo cha kuikubali bila kupoteza huduma nyingine za kifaa. Sharti la jumla la kufuata viwango vya kimataifa halitoshi, kwa kuwa kifaa kinaweza kutimiza vipimo vya tundu na bado kikamkataa mgeni kwa alama ya siri.

Pili, viendeshi vya kifaa viwe vimeingizwa katika kerneli ya pamoja badala ya kukabidhiwa vikiwa msimbo wa pembeni. Msimbo ulio ndani ya kerneli huendelea kutunzwa pamoja na tabaka linaloutumia. Ulio nje hubaki umefungwa katika toleo la siku ya makabidhiano, na mnunuzi huzeeka nao.

Tatu, vipimo vya moduli visomeke kwa zana za kawaida, na vikusanywe. Data hiyo ni mali ya mwenye mtandao. Ikibaki ndani ya programu ya mzalishaji pekee, mwenye mtandao hulipia taarifa ya kifaa chake mwenyewe.

Nne, vyuo vikuu vya eneo hili viifundishe kerneli kwa kusoma msimbo halisi. Tabaka la sfp linafaa kwa somo hilo: ni dogo kiasi cha kusomwa katika muhula mmoja, linagusa umeme, muda na mashine za hali, na kasoro zake hurekebishwa hadharani. Mwanafunzi anayepata moduli yenye kasoro katika soko la mji wake ana nafasi ya kuchangia tiba yake.

9.0 Hitimisho

Historia hii imeonesha kwamba transiva ilianza ikiwa kimya, nje ya upeo wa kiendeshi, ikapata sauti kupitia MDIO, kisha ikawa mgeni anayejieleza kwa baiti 256. Kila hatua iliongeza mzigo wa mfumo endeshi, na kila mara mzigo huo ulibebwa kwanza kwa msimbo uliotawanyika kabla ya kukusanywa katika tabaka moja. Maktaba ndogo ya miaka ya mwanzo ya 2000, PHYLIB ya 2005 na phylink ya 2017 ni hatua tatu za safari moja.

Imeonesha pia kwamba mkataba ulio wazi hautoshi pasipo utekelezaji ulio wazi. Makubaliano ya mwaka 2000 yalimpa mnunuzi haki ya kuchagua, lakini haki hiyo ilisimamiwa na programu ambayo mnunuzi hakuweza kuiona wala kuibadilisha. Ilipoandikwa katika kerneli ya pamoja, haki hiyo ilipata mahali pa kutekelezwa na pa kukaguliwa. Nchi inayonunua vifaa vya mtandao kwa fedha za umma ina kila sababu ya kuuliza, kabla ya kutia saini, ni nani mwenye kauli ya mwisho katika kila tundu la kifaa inachokinunua.